Ndimu Sita na Kopo la Klore

Sisi wa kartye Ngezi, mtaa wetu, hatuhitaji saa asubuhi. Papa Augustin akipiga mluzi, ni saa kumi na mbili. Vita vilimwachia ng'ombe watatu tu. Anawafungulia, anapiga mluzi mara mbili, nao wanamfuata kwenye majani. Hapo mimi ninawasha makala, makaa ya kupikia.

Mke wake, Mama Hortense, ni mwanafunzi wangu. Mimi ni Charlotte, ninafundisha watu wazima kusoma. Nina hasira za karibu, sifichi. Lakini kwa maswali, Hortense ananishinda.

Jumatatu moja nilileta shairi. Nililitunga mwenyewe, juu ya vita vya Wazungu vya zamani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Padri mzee ndiye alinisimulia vita hivyo. Hortense alisimama akasoma, kidole chini ya kila neno:

Moshi ulikuja bila moto,
rangi yake kijani na manjano.
Ulitambaa chini kama maji,
ukaingia shimoni tulimolala.
Aliyepanda juu alipona.
Mimi nilipanda nimechelewa.
Nimerudi. Ng'ombe wangu wananijua.
Napiga mluzi, inatoka hewa tupu.

"Mwalimu, unatudanganya," alisema. "Moshi bila moto inatoka wapi?"

"Ilikuwa sumu, Mama."

"Sumu gani?"

"Sijui jina."

"Na kwa nini, juu ya nini inatambaa chini? Moshi ya makala yangu inapanda juu!"

"Nitauliza Floribert, muuguzi."

"Na vita ilishaisha. Juu ya nini mluzi ya huyu askari haikurudi?"

"Mama Hortense, ikala, keti chini!"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu, kwa sababu maswali yake yalikuwa mazuri.

Siku ya tatu, Hortense alikuwa anangoja wageni. Mdogo wake Espérance alikuwa anatoka kwenye kambi ya wakimbizi pamoja na watoto. Wakati ule bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo. Lakini nani alithubutu kuliita jambo hilo amani? Watu walirudi nyumbani, na mizigo mingine waliiacha imefungwa.

Chumba cha wageni kilikuwa stoo, na panya walikichafua. Dirisha lake lilikuwa limepigiwa misumari tangu vita. Hortense alitafuta kopo la unga wa klore, dawa ya kuua vijidudu, lililobaki tangu wakati wa Ebola. Akatia unga mwingi katika ndoo, na maji kidogo.

"Espérance atafikiri ameingia hospitali," alisema. Harufu ile ilimchukiza. Basi akakata ndimu sita, akazikamulia zote ndani ya ndoo, ili chumba kinukie vizuri. Akaiacha ndoo humo chumbani, akaenda kuleta ufagio.

Ndani ya chumba, Papa Augustin alikuwa amepiga magoti, anafunga miguu ya kitanda. Ndoo ilikuwa karibu naye. Upepo ukafunga mlango.

Hortense alisikia kikohozi. Alifungua mlango, macho yakamwasha. Juu ya ndoo aliona ukungu mwepesi, kijani na manjano. Ulikuwa unashuka, unatambaa sakafuni.

Hakukuwa na moto.

"Simama!" alipiga kelele. "Augustin, simama! Usiiname! Panda juu!"

Mzee alijaribu kusimama, akaanguka tena. Hortense alifunga kitambaa puani, akabana pumzi, akaingia, akamvuta kwa kola mpaka uani. Kisha majirani wakampandisha kwenye pikipiki, mbio hadi kwa Floribert. Mimi nilifuata kwa miguu.

Floribert alimwosha macho kwa maji safi, akamvua shati, akamtia oksijeni. Kisha akatuuliza vizuri. Aliposikia ndimu, alishika kichwa.

"Mama, klore ni ya kuchanganya na maji tu! Ukitia ndimu, ao siki, ao dawa ya choo, ao maji ya batri, inatoa gazi, hewa ya sumu. Gazi ile ni nzito kuliko hewa. Ndio maana inashuka chini."

"Iko na rangi ya kijani na manjano?" niliuliza.

"Ndiyo. Ni ile ile waliyofungulia askari kwenye vita ya Wazungu. Inachoma mapafu ndani. Wengine walirudi nyumbani, lakini walikohoa mpaka kufa."

Hortense alimtazama mume wake. "Na mluzi?"

"Sijui, Mama. Aliyevuta kidogo mara nyingi anapona. Alale hapa, kwa sababu hali inaweza kuharibika hata baada ya masaa mengi. Na kitambaa chako, gazi inapita tu ndani yake. Ulikuwa na bahati. Siku nyingine, mutu atoke nje, apande mahali pa juu, milango ibaki wazi."

Augustin alirudi baada ya siku mbili. Asubuhi iliyofuata nilingoja. Kimya. Aliwasukuma ng'ombe kwa fimbo, nao waligeuka kumtazama. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Hortense hakubishana darasani, na nakwambia, nililia kwa kukosa ule ubishi.

Jumatatu ya tatu alikuja na kipande cha katoni. Alikuwa ameandika mwenyewe, herufi kubwa, moja imegeuka nyuma:

KLORE NA MAJI TU. BILA NDIMU. FUNGUA MLANGO.

"Nitabandika ku kopo," alisema. "Espérance amefika, aling'oa misumari yote ya dirisha. Sasa chumba iko na hewa." Akaitazama katoni. Kisha akauliza polepole: "Mwalimu, miye nilikosea. Bale ba vita, wale waliofungua gazi, walikosea pia?"

"Hapana, Mama. Wao walijua."

"Walijua kama inachoma mapafu?"

"Walijua. Ndiyo sababu waliifungua."

Hortense alishika katoni yake kwa mikono miwili, akaketi bila kuambiwa.

Kesho yake nilikuwa ninatia makala. Nilisikia hewa inapita, fyuu, tupu. Tena hewa. Mara ya tatu ikatoka sauti ndogo, iliyopasuka, mbaya kabisa. Ng'ombe mmoja akalia kuitikia.

"Mwalimu!" Hortense aliita kutoka kwake. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Ni saa kumi na mbili."