Kinachonyonya Chini ya Sakafu

Jua lilikuwa linazama niliposhuka kwenye maegesho ya chini ya jengo analokaa shangazi yangu. Mimi ni fundi bomba. Wapangaji walilalamika kwamba dari inadondosha maji meupe, yanababua rangi za magari.

Kazi ndogo. Maji yakipenya kwenye zege hubeba chokaa. Yakidondoka, chokaa hubaki ikaganda, na mwishowe dari huota vijiti vyeupe kama mishumaa iliyoning'inizwa kichwa chini. Nimevunja vingi maishani.

Mlinzi, tunayemwita Babu Koti, alinishikia tochi. Niligonga kwa patasi, vikaanguka na kusagika kama chaki. Tukafika kona ya mwisho.

"Hicho kiache, fundi," alinong'ona.

"Kwa nini, mzee?"

"Kiache tu."

Kilikuwa kinene kama mkono wa mtu. Nilicheka, nikagonga.

Hakikuvunjika.

Patasi ilizama, kama imechoma ufizi. Nikakishika. Kilikuwa na joto. Chini ya gamba la chokaa kitu kilikuwa kinavuta... kinaachia... kinavuta... Harufu ya maziwa yaliyochacha ikanijaa puani. Nikafungua mdomo nipate hewa, na tone likaniangukia ulimini.

Tamu. Vuguvugu. Lina utando.

Nilitapika mpaka nyongo. Nilipochomoa patasi, ilitoka na unywele mmoja mwembamba, laini, kama wa kichanga.

"Juu ya hapa anakaa nani?"

Babu Koti aligeuza tochi pembeni. "Shangazi yako."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Mlango ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa amepiga magoti jikoni, akimimina maziwa kwenye ufa wa sakafu, taratibu, huku akibembeleza. Kingo za ufa zilikuwa zimeganda mtindi wa njano, na funza wamo wanajipindapinda. Aliufuta mtindi kwa kidole. Akakilamba.

"Shangazi... unafanya nini?"

"Umemuumiza," alisema bila kugeuka.

"Nani?"

"Mwanangu."

Shangazi hakuwahi kushika mimba. Ndoa yake ilivunjika kwa hilo, ukoo mzima unajua.

Alipogeuka akauona mdomo wangu, uso wake ukachangamka. Akanifuta kidevu kwa upole, kama nilipokuwa mdogo.

"Umeonja?"

Nilijifuta ulimi kwa mkono wa shati.

"Basi mmenyonya ziwa moja. Sasa hata nikifa, ana ndugu."

Nilikimbia. Sikukanyaga tena pale, hata alipougua, hata alipotuma watu waniite.

Tumemzika Jumanne. Dada yangu, aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha, alinivuta kando baada ya maziko. 

"Bibi wa miaka sabini," alinong'ona, "matiti yamejaa maziwa. Tunafuta, yanatoka. Tunafuta, yanatoka..."

Leo jioni Babu Koti amenipigia simu.

"Fundi, matone yamekoma. Lakini kile kitu kimerefuka, kimefika chini. Na wapangaji wanauliza ni mtoto wa nani anayelia."

"Waambie hujui."

"Njoo, fundi. Usiniache peke yangu nacho."

Nimekata simu, nimefunga mlango kwa komeo. Mke wangu anaita nikale, siwezi kutoka chumbani. Tangu asubuhi kifua kinaniuma, na mbele ya shati nimelowa, nanuka maziwa.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini.