Altaneta ya Tatu

Siku hiyo mji wa mpakani wa Kabanga ulikuwa umefurika malori ya kwenda Burundi. Katika ua wa ghala la maharage, foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, ikazimika ghafla, magunia yakining'inia juu ya vichwa vya makuli.

"Tokeni chini!" alipiga kelele dereva, mwanamke wa ovaroli ya bluu na kilemba chekundu. "Na wewe fundi, unatazama mashine au unanitazama mimi?"

Kazimili, fundi umeme, akafungua kisanduku chake cha zana. "Vyote, dada."

Ndivyo alivyomjua Jovina wa Mugoma. Altaneta, kifaa cha kuchaji betri, ilikuwa imechakaa. Akafunga nyingine, kisha akachomoa waya wa betri injini ikiunguruma, kama alivyofundishwa zamani: isipozimika, chaji ipo. Haikuzimika. Jovina akapiga makofi.

Simu za Jovina zikaanza.

"Umekula, mzee wangu?"

"Mzee nani?"

"Mwenye mvi mbili kidevuni. Nimeziona."

Kazimili akacheka, halafu akaogopa. Miaka iliyopita mke wake alifia njiani kwenda hospitali kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, na wiki hiyohiyo wakubwa walipata mafuta ya kwenda semina. Tangu hapo, kupenda kulimtisha.

Altaneta ile mpya ikaungua. Akafunga ya pili, nayo ikaungua. Kila mzigo ulipopanda, Kazimili aliwaza utamwangukia nani.

Matiasi, bosi wa ghala, akamwita. "Nani anaua altaneta zangu? Nipe jina, au usikanyage hapa."

Wakubwa ndivyo walivyo: hawaulizi kilichoharibika, wanataka jina. Kazimili akaogopa kupoteza kazi. "Labda dereva... anaiosha kwa maji mengi."

Jovina akaambiwa mwisho wake wa kazi ni Jumamosi.

Jioni simu ikalia. "Kazimili, niliiosha lini?"

Kazimili akaisogeza simu mbali na sikio.

"Umekuwa bubu? Basi sikiliza. Mara zote mbili ulipochomoa ule waya, taa ziliwaka nyeupe kama radi. Mimi niliziona. Wewe ulikuwa unanitazama mimi."

Akakata.

Kazimili akaenda gereji, akawasha pikapu kuukuu ya kwake, akachomoa waya. Taa ikamulika, ikapasuka kwa umeme uliozidi, uleule uliokuwa ukiunguza altaneta. Akakaa chini. Miaka ishirini alilaumu wauza spea, barabara, serikali. Kumbe mkono ulikuwa wake.

Jumamosi alisimama mbele ya makuli wote. "Bosi, Jovina hana kosa. Nimeziua mimi. Nilimsingizia kwa woga."

Matiasi akamgeukia. "Mama huyu arudi kwenye usukani. Wewe funga hiyo ya tatu, kisha nisikuone tena."

Akafunga. Injini ikaunguruma. Mkono, kwa mazoea, ukaenda kwenye waya.

"Kazimili!" Jovina akaita kutoka kwenye usukani.

Akaurudisha kama aliyeona nyoka. Akachukua mita ya kupimia umeme, ya kuazima, akapima. Chaji ipo, taa zimetulia.

"Sasa umefukuzwa," Jovina akasema bila kumtazama. "Nikikutafuta nitakupata wapi?"

"Getini. Nitakungoja utoke. Jovina, nataka kuja Mugoma kwa baba yako."

"Akikuuliza nani aliyeniponza?"

Angeweza kumtaja Matiasi, na kwao Jovina wangemwamini.

"Nitamwambia ni mimi."

Jovina akanyanyua mzigo polepole hadi juu. Ukatulia pale. Ndipo akamtazama Kazimili, akabonyeza honi, iliyokuwa bubu tangu mashine ianze kusumbua, na malori ya mpakani yakaijibu.