Wazee Watakuja Baada ya Siku Saba

Kahawa ndiyo iliyoanza. Mkahawani, mtaa wa Piassa, Addis Ababa, saa mbili asubuhi, watu wamesimama bega kwa bega na vikombe vyao vya kahawa ya makiato, kijana mrefu mwenye koti la buluu akageuka ghafla, na shali jeupe la Hirut likapata ramani ya kahawa.

"Samahani, dada! Nitalifua."

"Wewe? Hata shati lako limekushinda kupiga pasi."

"Basi nitakununulia jingine."

"Lini?"

"Ngoja niliweke kwenye mipango." Akatoa simu.

Ndivyo alivyokuwa Surafel, mpanga ratiba wa kampuni ya kusafirisha waridi: havuki barabara bila jedwali. Hirut naye kazi yake ilikuwa kusafisha majedwali ya wenzake katika kampuni ya bima. Shali jipya lilifika Ijumaa, lina pindo la kijani, na mwaka haukuisha Surafel akawa anamwita "roho yangu" mchana kutwa.

Siku aliposema atatuma washenga, wazee watatu kama desturi inavyotaka, alimtumia Hirut faili la kompyuta lenye mipango yote. "Umeona tarehe? Wiki moja tu, mrembo wangu."

Mama yake Hirut akatengeneza tej, pombe ya asali. Baba, Mzee Tefera, akanunua viti. Wiki ikapita, hakuna mshenga hata wa dawa. Hirut akafungua faili: imebaki wiki moja. Akapiga simu.

"Surafel, wazee wako wako wapi?"

"Bado wiki, roho yangu. Hukuangalia?"

"Hata wiki iliyopita ilikuwa bado wiki!"

"Faili halidanganyi. Msimu huu wa maua hata siku za juma sizijui, nalifuata lenyewe tu."

Tej ikanywewa na wajomba. Ikatengenezwa nyingine, wajomba wakaihurumia nayo. Ndipo Mzee Tefera aliposema, bila kupaza sauti, "Jumapili hii wasipokuja, jina la kijana huyo lisitajwe tena nyumbani kwangu." Hirut alilia mpaka wanja ukamfika shavuni. Alimpenda yule bwege, na sasa alianza kuamini anachezewa.

Jumamosi bosi wake alikuja juu: faili la madai limekuwa zito, ukiligusa linacheua kama ng'ombe. Hirut aliijua dawa. Akaanza kusaka fomula zisizotulia, zile zinazojihesabu upya kila faili linapofunguliwa. Alipomaliza, akafungua na lile la Surafel, kwa hasira, alifute kabisa. Mkono uliokuwa umeshazoea kusaka ukabofya tarehe ya washenga. Kisandukuni hamkuwa na tarehe. Mlikuwa na fomula: leo, jumlisha saba.

Alicheka mpaka wenzake wakageuka. Akapiga simu.

"Surafel, mpumbavu wangu mpenzi, uliandika tarehe au uliweka fomula?"

"Fomula. Nilitaka ijipange yenye... Ee Maria Mtakatifu!"

"Kila kukicha leo ni leo mpya! Wazee wako watafika nikiwa na wajukuu."

"Wako tayari, Hirut! Kila siku wanapiga viatu rangi, wananiuliza mimi, na mimi naliuliza faili!"

"Lifunge hilo faili. Kesho saa nne. Waambie kwa mdomo."

Wakaja, wazee watatu na mashuka yao meupe mabegani, wakakataa kuketi mpaka wasikilizwe. Hirut alikuwa jikoni anakaanga buni, sikio liko mlangoni. Mzee Tefera alikuwa amefurahi kuliko wote, lakini baba wa binti hakubali siku ya kwanza. Akakuna kidevu.

"Tumesikia. Rudini baada ya wiki."

"Baba!" Sauti ilimtoka Hirut kabla hajaiziba kwa kiganja, na binti hasikiki siku kama hiyo. "Wiki kuanzia lini? Taja tarehe!"

Wazee wakatazamana. Mama akajifunika uso kwa shali, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mzee Tefera akakohoa, akataja siku na tarehe, na mshenga mkubwa akaomba kalamu, akaiandika kiganjani.