Kivuli Kando ya Uti wa Mgongo

Mwanaume yule aliwafuata kutoka kwenye mitumba hadi kwenye mafungu ya dagaa, na wala hakuwa akimtazama Goreth. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye mgongo wa Odeta, mtoto wa marehemu dada yake Goreth, pale gauni la njano lilipotuna. Goreth akageuka katikati ya soko la Mpanda.

"We kaka, unamtakia nini mtoto wangu?"

"Samahani, dada. Naitwa Naseeb, napiga eksirei hospitali. Hicho kinundu kimeanza lini?"

Mahali pengine walishamwambia ni saratani. Jirani mmoja pale Nsemulwa alidai ni mashetani. Odeta naye alikuwa na lake: "Mama mdogo, kuna mtu amesimama nyuma yangu." Akisema hivyo, Goreth alihisi ubaridi shingoni.

Kesho yake wakamfuata Naseeb hospitali, na picha ya Odeta ilipowaka, Goreth alitamani kukimbia. Kando ya uti wa mgongo wa mtoto kulikuwa na kivuli kirefu, kimesimama wima.

"Yupo!" akanong'ona.

"Huyo ni usaha, mrembo. Ona hapa. Saratani mara nyingi inakula mfupa, inaacha hii nafasi kati ya pingili. Hapa pingili mbili zimeliwa pamoja na nafasi iliyo kati yake. Daktari naye anaona ni TB ya mifupa. Wakivuta usaha wakaupima, tutajua."

Kipimo kikathibitisha. Dawa zikaanza, na simu za Naseeb nazo zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula, we mganga wa vivuli. Na wewe?"

Goreth alipenda, akapenda kweli. Hadi jioni moja Naseeb akauliza, "Mpenzi, mtoto anaambukizwa na mtu mzima wa karibu. Nani anakohoa hapo kwenu?"

Goreth akakata simu. Alikuwa akikohoa tangu mavuno. Aliona ameitwa muuaji, na simu za Naseeb hakuzipokea tena. Lakini kila alipokohoa, alihisi kitu kinamtoka kifuani na kwenda kusimama mgongoni kwa mtoto. Hofu ikamshinda, akaenda mwenyewe hospitali.

"Vuta pumzi," Naseeb alisema kutoka nyuma ya kioo. "Ishikilie."

Mbavu za Goreth zikatokea kwenye skrini, na juu ya pafu la kulia, wingu jeupe.

"Ni mimi."

"Inaelekea ni wewe. Makohozi yatasema. Lakini utapona, na Odeta atapona." Naseeb alimkazia macho. "Goreth, nataka nikuoe."

"Mimi niliyemuumiza mtoto wa dada?"

"Wewe uliyemlea. Vaa barakoa hii kwanza, ndipo unijibu."

Goreth akaivaa, akalia humo ndani mpaka ikalowa, akasema ndiyo.