Alizeti Juu ya Majina

Kila jioni, akishaosha vyombo na kumaliza kazi za shule, Chiriku aliruhusiwa kukaa karibu na kompyuta ya mama mdogo wake. Jina hilo la Chiriku alipewa darasani, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Mdomo wake haukujua likizo.

Mama mdogo alikuwa mpiga chapa wa ofisini, na jioni alipokea kazi za watu nyumbani, hasa kadi za kukunja. Meza yake ilikuwa kwenye kona ya sebule. Printa ilikaa upande mmoja, na upande wa pili palikuwa na rula ya chuma na kijiko kikuukuu, ambacho mgongo wake ulitumika kukandamiza mkunjo hadi ukanyooka.

Chiriku hakuchoka kumtazama. Mama mdogo aliulaza ukurasa kwenye skrini, akaugawa mara mbili, kushoto akapaacha patupu na kulia akaweka picha na maneno. Karatasi ikikunjwa, kulia panakuwa uso wa kadi na kushoto panakuwa mgongo wake. Lakini kabla ya kuigusa karatasi nzuri, alichukua karatasi chakavu, akaitia alama ya penseli kwenye kona, kisha akaipitisha kwenye printa aone wino unaangukia upande gani. Alifanya hivyo kila siku, hata kwa kazi aliyoizoea.

"Kwani printa inabadilika ukilala, Mama mdogo?" Chiriku alimtania.

"Printa haibadiliki, mwanangu. Ninayesahau ni mimi."

Wiki hiyo mwalimu wa hisabati wa darasa la Chiriku alikuwa anastaafu. Mwalimu huyo walimpenda sana, ingawa darasani kwake kifutio kilikuwa marufuku. "Ukikosea, piga mstari mmoja, andika jibu sahihi chini yake," alizoea kusema. "Nataka nione ulikopita." Hakuwahi kumcheka mtoto kwa kosa, na ndiyo maana hata waliokuwa wazito wa hesabu walinyoosha mikono.

"Kadi niachieni mimi," Chiriku aliwaambia wenzake. "Mimi na kompyuta ni chanda na pete!"

Akaleta karatasi ya manila, na darasa zima likaandika majina upande mmoja, ule ambao ungekuwa ndani ya kadi. Wa mwisho alikuwa Golikipa, aliyevunjika mkono wa kulia akidaka mpira. Aliandika kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, jasho likimtoka puani, na wenzake wakamsubiri mpaka akamaliza.

Alhamisi, siku moja kabla ya sherehe ya kumuaga Mwalimu, Chiriku aliketi kwenye kompyuta kabla mama mdogo hajarudi kutoka kazini. Alipanga ukurasa vizuri kabisa: alizeti kubwa, na chini yake "Asante, Mwalimu". Aliitupia jicho karatasi chakavu na penseli. "Aa, leo nina haraka," akajisemea, akaitia manila kwenye printa.

Printa ikaguna, karatasi ikatoka. Alizeti ilikuwa imekaa juu ya majina! Nusu ya darasa ilikuwa imemezwa na petali, na jina la Golikipa lilikuwa katikati ya ua, halisomeki.

Chiriku akaiweka karatasi kando. Kesho angemtazama nani usoni, baada ya majigambo yale yote? Alichukua manila nyingine, na sasa ndipo alipoikumbuka alama ya penseli. Alizeti ikatoka upande unaotakiwa, safi. Kisha likamjia wazo baya. Miandiko ya wenzake aliijua yote. Akaanza kuiga. Jina la kiranja likakubali, na mengine mawili matatu yakakubali pia.

Alipofika kwa Golikipa, alihamishia kalamu mkono wa kushoto. Akamkumbuka na ule ulimi wake nje, na lile jasho puani. Kalamu ikamdondoka, na machozi yakamtoka.

Hivyo ndivyo mama mdogo alivyomkuta. Aliweka mkoba chini, akazitazama zile karatasi.

"Wenzako wamekuja hapa kuandika majina?"

"Hapana, Mama mdogo. Printa ndiyo ili..." Chiriku akajikatiza. "Hapana. Ni mimi. Sikuweka alama, nikaharibu. Halafu nikataka kuwaibia majina yao."

Mama mdogo alikaa kando yake. "Karatasi iliyoharibika nitakupa nyingine. Majina ya watu sina ya kukupa. Hayo kawaombe wenyewe."

Chiriku akaianza kadi upya kwa mikono yake mwenyewe: penseli, karatasi chakavu, manila, rula, kijiko. Mama mdogo alitazama tu, akitabasamu.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya darasa, na kwa mara ya kwanza maneno yalimpiga chenga. Hata hivyo alisema yote, pamoja na yale majina aliyoyaiga. Watu wakaguna.

"Chanda na pete, enh?" kiranja akasema. "Leo chanda kimevimba!"

Darasa likaangua kicheko. Golikipa akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Lete kalamu. Hata mara ya kwanza niliandika vibaya."

Kwenye sherehe, Mwalimu aliifungua kadi na kuyasoma majina moja moja.

"Tumeyaandika mara mbili, Mwalimu!" kiranja akaropoka.

"Mara mbili? Kwa nini?"

Ikabidi Chiriku asimulie tena. Mwalimu akauliza, "Iko wapi ile ya kwanza?"

Ilikuwa ndani ya begi. Mwalimu aliikunjua, akaitazama, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya alizeti, akaiweka karatasi hiyo ndani ya kadi mpya.

"Miaka yote nawaambia msifute," alisema. "Leo mmenipa jibu pamoja na njia yake, na vyote viwili naondoka navyo. Wanangu, pimeni kazi yenu kwenye karatasi chakavu kabla ya kugusa ile nzuri. Na mkikosea, semeni. Kila mtu hukosea, lakini anayelifunika kosa hulibeba peke yake. Chiriku hakulifunika, na ninajivunia kuwa mwalimu wake."

Golikipa, ambaye hakuweza kupiga makofi, akagonga meza kwa mkono wake wa kushoto, na darasa zima likamfuata.