Mkwe Namba Nane

"Ita mpira, Isack! Ita!"

Kocha Hilali alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, vumbi jekundu hadi magotini. Mbele yake Isack alikuwa peke yake kabisa, hakuna beki hata wa dawa, na kaka yangu Tharsisi alikuwa na mpira mguuni. Isack akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Tharsisi akapiga upande mwingine. Mpira ukatoka nje.

"Una koo au huna?" kocha akauliza.

"Ninalo, mwalimu."

"Basi litumie! Sema, 'Tharsisi, mguuni!' Haya, sema hapa nikusikie."

Isack akatazama viatu vyake. Wenzake wakacheka. Tharsisi hakucheka. Alitema mate pembeni, akanifuata nilipoegesha pikipiki, nikiwa natoka kazini Nyakitonto na sare yangu ya afisa ugani imejaa vumbi.

"Umemwona mchumba wako?"

"Nimemwona."

"Unaridhika?"

"Mimi naolewa na mtu, kaka, siolewi na mshambuliaji."

"Basi leo jioni tuongee."

Niwaeleze mapema ili tusipotezane. Umoja ni timu yetu ya Kasulu, na msimu uliopita ilinusurika kushuka daraja kwa sababu kuna waliokuwa wabovu kuliko sisi. Tulifunga magoli tisa msimu mzima, na mawili kati ya hayo wapinzani walijifunga wenyewe. Viongozi wakamwomba Mwalimu Hilali, mtu wa Tanga anayefundisha sekondari hapa, aitengeneze safu ya mbele kabla ligi haijarudi. Alikuwa na kiangazi kimoja tu. Tharsisi ni nahodha, namba nane, mipira yote inapita kwake. Isack ni namba tisa, fundi wa kuchomelea mageti, na baada ya Pasaka alileta mshenga nyumbani kwetu kuniomba.

Jioni ile Tharsisi hakukaa hata chini.

"Tangu alete mshenga amelegea. Kabla ya hapo alikuwa anafunga. Mwanaume akishajua amepata, analala."

"Isack halali. Saa hizi yuko kwenye geti la watu anachomelea."

"Hata yule baba yake Akimana ulisema ni mchapakazi. Yuko wapi?"

Akimana ni binti yangu, na baba yake aliondoka mtoto hajaota meno. Aliyenunua maziwa ni Tharsisi.

"Nisikilize, Josepha. Mwenyekiti ameleta mshambuliaji kutoka Kibondo, anaitwa Jordan. Mwisho wa mwezi tunacheza mechi ya kirafiki kule Kibondo. Isack akicheza kama bubu tena, timu inamwacha. Na mimi namrudisha mshenga wake."

"Unanipimia mume kwa mpira?"

"Nampima kwa kujituma. Siwezi kukutoa tena kwa mtu anayesubiri kuletewa."

* * *

Sina tabia ya kulia kabla sijauliza. Asubuhi nilipiga simu, nikasalimia kwa Kiha chetu.

"Mwakeye, Isack."

"Mwakeye, mama Akimana. Umeamkaje?"

"Vibaya. Kwa nini huiti mpira?"

"Koo lilikuwa linakwaruza."

"Tangu Pasaka?"

Nilisikia mashine yake ya kuchomelea ikizimwa.

"Isack, kaka anataka kumrudisha mshenga. Kama umechoka na mimi, sema. Mimi nina shamba la maharage la kukagua, sina muda wa kubembelezwa."

"Nimechoka na wewe? Nani kasema?"

"Basi niambie ukweli."

"Nimwiteje?"

"Nani?"

"Kaka yako! Baba yenu hayupo. Siku ya mahari nani atakaa kwenye kiti cha baba? Si yeye? Huyo ni mkwe wangu, Josepha. Mkwe hapigiwi kelele. Nikikutana naye njiani napisha, jina lake silitaji. Sasa kocha anataka nisimame mbele ya Kasulu nzima, nipaze sauti, 'Tharsisi, mguuni,' kama naita mbuzi!"

Nilianza kucheka. Kisha nikakumbuka goli la mwisho la Isack lilikuwa wiki ile kabla mshenga hajaja, na kicheko kikaisha.

"Kwa hiyo umekaa miezi yote hii unamheshimu?"

"Ningefanya nini? Mama yangu aliniambia, ukimvunjia heshima mkwe kabla ya mahari, umejifungia mlango mwenyewe."

"Na yeye anakuona mvivu."

"Anasema hivyo?"

"Anasema unasubiri kuletewa."

Akashusha pumzi. "Basi nimekwisha."

"Hujaisha. Rudi kazini, nitaongea naye."

"Josepha, usimwambie nimelalamika!"

"Nitamwambia kila kitu," nikasema, nikakata.

* * *

Tharsisi ana duka la nafaka sokoni. Nilimkuta amekaa juu ya kiroba, anachagua maharage. Nikamweleza bila kupamba. Alinisikiliza mkono ukiwa ndani ya maharage.

"Kumbe."

"Ndiyo hivyo. Sasa na wewe niambie, kwa nini humpi mpira hata akiwa peke yake? Macho unayo."

Akajikuna shingo.

"Akiomba nitampa. Asipoomba nikampa, watu watasema nambeba mkwe wangu. Tayari kule kwenye vijiwe wanasema namba tisa ameipata kwa uchumba."

"Kwa hiyo yeye haombi kwa sababu wewe ni mkwe, na wewe humpi kwa sababu yeye ni mkwe."

"Unavyolisema linakuwa la kijinga."

"Ni la kijinga. Mmekaa mnaheshimiana na timu inashuka daraja."

Hapo akacheka kidogo. Nikaona ndio wakati wa kusema lile lililonileta, na nilijua litamuuma.

"Kiti cha baba mpe baba mdogo Ntirampeba."

"Nini?"

"Apokee mahari yeye. Wewe ubaki kaka. Ukiwa kaka, Isack ni shemeji yako, na shemeji mnataniana, mnatukanana, hakuna anayeshangaa."

Mkono wake ukatoka kwenye maharage polepole.

"Ntirampeba wa Buhigwe? Amewahi kukununulia hata daftari?"

"Hajawahi."

"Mimi niliacha shule kidato cha tatu. Diploma yako imetoka kwenye mgongo huu."

"Najua."

"Halafu siku ya heshima, yeye akae kwenye kiti, mimi nikae mkekani na vijana?"

"Ndiyo, kaka."

Ningeweza kulainisha. Lakini Tharsisi ukimlainishia jambo anafikiri unamdanganya.

"Toka dukani kwangu, Josepha."

Nikatoka.

* * *

Hatukuongea tena hadi siku ya safari. Mazoezi nilikuwa nayatazama kwa mbali. Hilali alikuwa amepiga marufuku mipira ya juu. Anayebutua anapiga pushapu huku wenzake wakimwimbia. Alichora pembetatu kwa majivu uwanjani, akawa anawazungusha namba nane, tisa na kumi humo ndani mpaka majivu yanafutika, halafu anachora upya. Alitundika tairi la baiskeli kwenye kona ya goli wapige humo. Na Jordan, kijana wa Kibondo, alikuwa anaita mpira hata akiwa amezungukwa na watu wanne.

"Nipe mimi! Oya nahodha, nipe, hawa ni watoto!"

Nilimuuliza Hilali tulipokutana dukani nilikofuata sukari.

"Mwalimu, timu inaendeleaje?"

"Pembeni pamekaa sawa. Jordan anasumbua mabeki. Ila pale katikati, kati ya kaka yako na Isack, kuna ukuta siuoni mimi. Nimeuliza wanasema hamna kitu. Kwetu Tanga watu wakinuniana wanapatanishwa kwa kahawa. Hawa wala hawajanuniana! Wanapishana kwa adabu kama wako msibani."

Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Ya Rabi! Miezi miwili nafundisha miguu, kumbe tatizo ni ukoo?"

Isack alinitumia meseji usiku wa kuamkia safari: "Kesho nitajaribu. Ikishindikana usinichukie."

Nikamjibu: "Sikuchukii. Ila usijaribu. Fanya."

* * *

Kibondo walijaa uwanja mzima, wanapiga ngoma za plastiki. Nilikaa na mashabiki wetu nyuma ya benchi. Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Mara tatu Isack alikimbia nyuma ya mabeki, mara tatu akafungua mdomo, sauti haikutoka. Tharsisi akasubiri kuitwa, beki akafika. Kibondo wakafunga moja kwa kona.

"Namba tisa ana mafua!" shabiki wao akapiga kelele. "Mpeni chai!"

Wakati wa mapumziko mwenyekiti wetu akamgeukia Hilali. "Mtoe huyo. Mtoe sasa hivi, mwache Jordan peke yake."

"Jordan peke yake ataletewa na nani?"

"Nimesema mtoe."

Wachezaji walikuwa wamekaa chini wanakunywa maji. Isack alikuwa ameshaanza kufungua kamba za viatu. Ndipo Tharsisi akasimama. Alinitafuta kwa macho nyuma ya benchi, akaniona, kisha akawageukia wenzake.

"Mwenyekiti, ngoja kidogo. Isack, simama."

Isack akasimama, macho chini.

"Niangalie."

"Siwezi, mkwe."

"Mimi si mkwe wako. Asubuhi hii nimempigia baba mdogo Ntirampeba kule Buhigwe. Kiti cha baba nimempa yeye. Mahari utampelekea yeye, adabu zako zote mpelekee yeye. Mimi ni kaka yake Josepha tu. Shemeji yako."

Hakuna aliyekunywa maji. Jordan alikuwa ameshika chupa hewani.

"Umenisikia?"

"Nimesikia... shemeji."

"Sasa nitukane."

"Ah, hapana!"

"Nitukane, Isack! Mbele ya hawa wote, ili kila mtu ajue yamekwisha."

Isack alitoka jasho kuliko alivyotoka uwanjani. Akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, fanya.

"Shemeji," akasema, "wewe... unakimbia kama ng'ombe aliyemeza kiroba."

Benchi zima likalipuka. Hilali alicheka hadi kofia ikadondoka. Tharsisi naye alicheka, lakini mimi namjua kaka yangu, niliona alivyojifuta macho kwa fulana akijifanya anajifuta jasho.

"Funga viatu," akamwambia. "Mwenyekiti, hatoki mtu hapa."

Kipindi cha pili sikukaa tena. Dakika za mwanzo Isack alitoa sauti ya kwanza, ndogo.

"Shemeji, samahani..."

"Samahani ya nini? Jina!" Tharsisi akafoka.

Mpira uliofuata Jordan alikimbilia pembeni akapiga kelele kama kawaida yake, mabeki wawili wakamfuata. Katikati pakabaki wazi. Na ndipo nikaisikia, uwanja mzima uliisikia:

"Tharsisi! Mguuni, mzee mzito wewe!"

Mpira ulipita chini, katikati ya miguu ya beki, ukatulia mguuni kwa Isack. Hakuusimamisha mara mbili. Goli.

Sijui nilimkumbatia nani. Nadhani alikuwa mwenyekiti.

Baada ya hapo walikuwa kama watu waliofunguliwa kifungo. Wanaitana, wanazomeana, wanatukanana, na mpira unakwenda. Goli la pili Isack aliita, mabeki wote wakamgeukia, Tharsisi akampa Jordan upande wa pili. Mbili kwa moja, na mpira ukaisha hivyo.

Tharsisi alikuja kwangu fulana begani.

"Mzee mzito nani?" nikamuuliza.

"Niache, Josepha."

"Ahsante, kaka."

Alitazama kule Isack alikobebwa juu juu na wenzake.

"Yule hakuwa analala," akasema. "Nilikosea. Mwambie mshenga wake awaone watu wa Buhigwe."

"Inakuuma?"

"Inaniuma, ndiyo. Unadhani mimi jiwe? Lakini nilikuwa nakulea uondoke vizuri, si ili mimi nikae kwenye kiti."

Nilimshika mkono tu, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nikiwa darasa la pili.

* * *

Mahari ililetwa Jumamosi, siku moja kabla ligi haijaanza. Baba mdogo Ntirampeba alikaa kwenye kiti na koti lake zito, amejikaza. Shida ni kwamba hakujua kitu. Akiulizwa binti amesomea wapi, anageukia mkekani, na Tharsisi anamnong'oneza. Akiulizwa mjukuu ana umri gani, anageukia mkekani. Mwishowe mshenga akawa anauliza kitini na kusubiri jibu kutoka mkekani, na hakuna aliyeona vibaya.

Isack alimpisha baba mdogo kila alipoinuka, hakumtaja jina hata mara moja. Kisha alikuja kukaa mkekani kando ya Tharsisi, wakaanza kusukumana kwa viwiko kama watoto kanisani.

Pombe ya ndizi ikawekwa katikati. Niliitwa nitoke ndani, nimeshika mkono wa Akimana. Baba mdogo akakohoa.

"Binti yetu, hawa wamekuja na pombe. Tuinywe au tusiinywe? Tukiinywa, umekwenda."

Kwa desturi msichana huinamisha kichwa na kujibu kwa sauti ndogo. Shangazi zangu walikuwa wamenifundisha wiki nzima.

"Kunyweni, baba," nikasema. "Ila Isack asipewe hata tone, na huyo wa pembeni yake pia. Kesho wana mechi."