Jina Lililokatwa Gizani

Zzzz! Msumeno wa nakshi ulilia chumba cha nyuma, ilhali umeme ulikatika tangu jioni. Rafiki yangu, fundi cherehani anayejifurahisha kwa kukata majina kwenye mbao na kuturushia picha, akaenda na tochi. Plagi ilikuwa imechomolewa. Mezani palikuwa na jina limekatwa bila mstari wa penseli, unga wa mbao ungali moto. Lilikuwa la marehemu kaka yake, ambalo mama yao aliapa kutolitaja: “Nikimwita, atakuja.”

Mama akatokea mlangoni. Rafiki yangu akalifunika jina kwa viganja.

“Mama, rudi ukalale!”

“Toa mikono, baba. Miaka ishirini nimejifunga mdomo, nimechoka.”

Akaiondoa mikono. Mama akainama, akaliita lile jina taratibu, kama anayemwita mtoto aje kula.